Krismasi ya Darubini: Kumbukumbu za Safari ya Malindi, Desemba 2021

Jumanne, 21 Desemba: Nairobi hadi Mombasa

Tulifika kituo cha Syokimau saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mimi na mpwa wangu wa miaka kumi na mmoja, tukiwa na mabegi mawili, mfuko wa maparachichi aliotupa dada yangu tumpelekee Shangazi, na barakoa usoni kama mwaka ule ulivyotulazimu. Foleni ya ukaguzi ilikuwa ndefu. Kila mwenye jamaa pwani, na wengi wasio na jamaa huko, walikuwa wameamua kushuka siku hiyo hiyo, na watoto walikaa juu ya masanduku wakila mkate huku mbwa wa polisi wakinusa mizigo iliyopangwa chini kwa mstari.

Nieleze mapema sababu ya safari hii. Mimi ni mwalimu wa fizikia, na kwa miaka mingi nimewasimulia wanafunzi habari za darubini ya James Webb, kazi ya pamoja ya mashirika ya anga ya Marekani, Ulaya na Kanada, ambayo iliahirishwa mara nyingi kiasi kwamba baadhi ya waliozisikia habari hizo kwangu kwa mara ya kwanza sasa wana watoto wao. Hatimaye ilitangazwa kwamba itarushwa tarehe 24 Desemba kutoka Kourou, katika Guyana ya Ufaransa. Nilipokuwa nikisoma habari za njia itakayopitia roketi, niliona katika orodha ya vituo vya kuisikiliza kwa redio jina nililolijua tangu utotoni: Malindi. Shangazi yangu, dada yake baba, ameishi Malindi zaidi ya miaka thelathini. Nilimpigia simu usiku uleule kumwomba ruhusa ya kula Krismasi kwake.

Treni iliondoka saa mbili kamili. Njia hii ya kilomita 472, iliyofunguliwa mwaka 2017, nimeipita mara kadhaa, kwa hiyo sitaieleza sana. Nitasema tu kwamba kupita Tsavo juu ya tuta refu na kuwaona tembo wamepakaa udongo mwekundu, wakiwa wametulia kana kwamba treni ni upepo mwingine tu, ni jambo ambalo bado linanifanya niache kusoma kitabu changu. Mpwa wangu aliwahesabu tembo kumi na saba kabla ya Voi.

Jioni tulikwenda kupunga upepo Mama Ngina, mahali meli zinapoingilia mlango wa bandari ya Kilindini. Nilimweleza mtoto kwamba chini ya bahari ile ile kuna nyaya ambazo ndani yake mna nyuzi za kioo, kila moja nyembamba kama unywele, na kwamba nyaya za kwanza za namna hiyo zilifika pwani hii mwaka 2009. Kabla ya hapo, sehemu kubwa ya mawasiliano yetu ya intaneti na nchi za mbali ilipanda kwanza hadi kwenye setilaiti, na ilikuwa ghali na ya polepole. Sasa yanapita chini ya maji kwa mwanga unaowashwa na kuzimwa mabilioni ya mara kwa sekunde moja.

Alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza, "Mjomba, kwa hiyo tutakapoitazama roketi, picha yake itakuja kwa mwanga?"

Nilimjibu kwamba ndivyo, na kwamba darubini yenyewe nayo inakwenda huko juu kutafuta mwanga.

Jumatano, 22 Desemba: Mombasa hadi Malindi

Nilipoamka nilikuta taarifa kwenye simu. Hali ya hewa huko Kourou haikuwa nzuri, na urushaji ulikuwa umesogezwa kwa siku moja, kutoka tarehe 24 hadi tarehe 25 Desemba. Dirisha la kuruka lingefunguliwa saa tisa na dakika ishirini alasiri kwa saa zetu. Nilisoma mara mbili ili niwe na hakika. Watu waliokuwa wamekwisha kuahirisha kazi yao kwa miaka walikuwa wamesogezwa na upepo hadi siku ya Krismasi yenyewe. Sikuwa nimeliomba jambo hilo, lakini nililipokea kama zawadi.

Matatu za kwenda Malindi zilikuwa zimepandisha nauli kama ilivyo kawaida ya msimu, na hatukuwa na la kufanya ila kulipa. Tulipita mashamba ya mkonge, daraja la Kilifi na msitu wa Arabuko-Sokoke. Joto lilikuwa kali, lakini kaskazi ilikwisha kuanza kuvuma, ule upepo uliowaleta majahazi ya Arabuni na Bara Hindi katika pwani hii kwa karne nyingi, na ilitupoza kupitia madirishani.

Shangazi alitupokea barazani. "Shikamoo, Shangazi." "Marahaba, mwanangu. Na huyu ndiye mwenye nyota?" Alikuwa amekwisha kusimuliwa na dada yangu kwamba mtoto hazungumzi kitu kingine. Nyumbani kwake palikuwa na tawi kubwa la mvinje lililosimamishwa ndani ya ndoo ya mchanga, limefungwa riboni na pamba, na chini yake pango la udongo lenye ng'ombe aliyevunjika pembe. Pango hilo nalikumbuka tangu nilipokuwa na umri wa mpwa wangu, na pembe ile niliivunja mimi.

Usiku, baada ya chakula, Shangazi alitaka aelezwe hasa kitu tulichokuja kukitazama. Nilimweleza kwamba ni darubini yenye kioo cha upana wa mita 6.5, kilichoundwa kwa vipande 18 vya pembe sita vya madini ya berili, na kwamba ni kikubwa mno kuingia ndani ya roketi yoyote, kwa hiyo kimekunjwa na kitakunjuliwa huko huko angani. Nilimweleza kwamba vipande hivyo vimepakwa dhahabu.

Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Dhahabu hiyo wameiweka kwa fahari au kwa kazi?"

Sijapata kuulizwa swali zuri kuliko hilo darasani. Nilimjibu kwamba ni kwa kazi. Mwanga wa nyota za kale sana umesafiri zaidi ya miaka bilioni 13, na kwa kuwa ulimwengu wenyewe umekuwa ukitanuka muda wote huo, mawimbi yake yamevutika kama mpira unavyovutwa, hata macho hayawezi tena kuyaona. Yamekuwa mnururisho wa infraredi, ndugu wa joto tunalolihisi tukikaribisha mkono kwenye jiko. Dhahabu huurudisha mnururisho huo karibu wote bila kuumeza. Tena iliyotumika ni kidogo, kiasi cha gramu 48, imepakwa kwa wembamba ambao ungepaswa kupanga tabaka zake mia kadhaa ili kufikia unene wa unywele mmoja.

Shangazi alivua pete yake ya ndoa akaiweka kiganjani mwangu. Ina gramu nne, ndivyo sonara alivyomwambia marehemu mumewe. Tulihesabu pamoja: pete kumi na mbili kama ile, zikitandazwa juu ya kioo ambacho kingejaza sebule yake na kuzidi. Aliirudisha kidoleni polepole.

"Mamajusi nao walileta dhahabu," alisema. "Sijawahi kusikia ilikokwenda."

Alhamisi, 23 Desemba: Ngomeni

Siku hii nataka kuiandika kwa urefu, maana ndiyo iliyonifanya niache kuwaza Kourou kana kwamba ni mahali pa watu wengine.

Tulikodi tuktuk hadi Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Tulivuka mto Sabaki, ambao maji yake mekundu huipaka bahari rangi hadi mbali, tukapita Mambrui na Gongoni, ambako mabwawa ya chumvi yametandazwa kama vioo pembeni mwa mikoko. Barabara iliishia kwenye mchanga. Hapo ndipo ilipo kambi ya anga ya Waitaliano, ambayo leo inaitwa kwa jina la Luigi Broglio, mhandisi aliyeibuni katika miaka ya sitini. Wasomaji wanaoshangaa kwa nini Malindi kuna Waitaliano wengi kiasi hicho, na kwa nini vijana wa ufukweni huzungumza lugha yao kwa ufasaha, wanaweza kupata sehemu ya jibu hapa.

Sababu ya kuchagua pwani hii ni ile ile iliyowapeleka Wafaransa Kourou. Dunia huzunguka kwa kasi zaidi kwenye ikweta, karibu kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka hapo huanza safari ikiwa imekwisha kusukumwa bure. Ngomeni iko nyuzi tatu hivi kusini mwa ikweta. Waitaliano walileta majukwaa mawili ya chuma, San Marco na Santa Rita, wakayasimamisha kwa miguu yake ndani ya ghuba, na kutoka juu ya maji hayo setilaiti yao ya San Marco 2 ilirushwa tarehe 26 Aprili 1967.

Lakini iliyo moyoni mwangu ni ile ya 1970. Tarehe 12 Desemba mwaka huo, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi ya Kimarekani aina ya Scout iliondoka kwenye jukwaa hilo ikiwa imebeba setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Kwa heshima ya nchi iliyowakaribisha na siku ile, wenyewe waliipa jina la Uhuru. Iliorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo, na vipimo vyake vilikuwa miongoni mwa ushahidi wa mwanzo kwamba katika kundinyota la Cygnus kuna kitu kizito, kidogo, kisichotoa mwanga, kinachomla nyota mwenzake. Yaani shimo jeusi. Kiongozi wa wanasayansi wake, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2002. Ukifungua vitabu vya astronomia vya lugha yoyote utalikuta neno hili letu limeandikwa humo, wala halihitaji kutafsiriwa. Nimefundisha miaka mingi kabla ya kulijua hilo, na najuta kwa ajili ya wanafunzi walionipitia bila kulisikia.

Majukwaa bado yapo. Kutoka ufukweni tuliyaona kwa mbali, miguu ya chuma yenye kutu imesimama majini, na ndege wa baharini wamekaa juu yake. Urushaji wa mwisho ulikuwa mwaka 1988. Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu chini ya kivuli cha mashua yake alitueleza kwamba siku za roketi wavuvi walikatazwa kwenda baharini, na kwamba yeye na wenzake walikuwa wakipanda juu ya vichuguu vya mchanga ili waone vizuri zaidi. "Moto ulisimama juu ya maji," alisema, akiinua sindano yake ya kushonea wima, "halafu sauti ikafuata nyuma yake." Mpwa wangu alimuuliza kama aliogopa. Mzee alifikiri kidogo, akasema kwamba aliogopa mara ya kwanza, na mara nyingine zote alisikitika kwa kuwa iliisha upesi.

Ndani ya kambi hatukuingia, kwa kuwa hatukuwa na kibali. Tulisimama nje ya uzio, kwenye jua, tukiitazama antena kubwa nyeupe iliyochomoza juu ya miti. Ilikuwa imetulia, imetazama upande mmoja. Nilikuwa nimekwisha kugeuka kurudi kwenye tuktuk mtoto aliponishika mkono. Antena ilikuwa inageuka. Ilizunguka polepole, bila sauti yoyote iliyotufikia, ikainamisha uso wake kuelekea magharibi, ikasimama kidogo, kisha ikaanza kupanda, kwa mwendo ulio sawa usiotetemeka, ikifuata kitu fulani kilichokuwa kinapita juu ya vichwa vyetu. Sisi tuliangalia juu tusione ila anga la mchana. Yenyewe ilikiona. Iliendelea kukifuata dakika kadhaa hadi ikaelekea baharini, ikakisindikiza hadi upeo wa macho, na hapo ikatulia tena.

Dereva wa tuktuk, aliyezaliwa kilomita tano kutoka hapo, alituambia kwamba huiona ikifanya hivyo kila siku. Lakini naye alikuwa amezima injini ili atazame.

Ijumaa, 24 Desemba: Mkesha

Asubuhi ilikwenda sokoni. Shangazi alinunua nyama kwenye bucha la Mwislamu, kama afanyavyo kila mwaka, ili kesho pilau iweze kupelekwa kwa majirani wote bila mtu kuwa na shaka.

Alasiri nilimpeleka mpwa wangu kwenye nguzo ya Vasco da Gama. Wareno walifika hapa Aprili 1498, wakapewa na mfalme wa Malindi rubani aliyeijua bahari, naye akawafikisha Calicut mwezi uliofuata. Wanahistoria bado wanabishana kuhusu jina la rubani huyo. Kwangu mimi lililo muhimu ni kwamba mtu wa bahari hii, kwa kupima vimo vya nyota na kuzijua nyakati za pepo, aliweza kuivuka Bahari ya Hindi kana kwamba anavuka uwanja wa kwao. Mtoto aligusa jiwe la nguzo akauliza kama rubani naye alikuwa na darubini. Hapana; darubini zilikuja miaka mia moja na kitu baadaye. Alikuwa na macho, ubao mdogo, na uzi wenye mafundo.

Jua lilipozama tulikaa ufukweni. Sijui kama wasomaji wanaikumbuka jioni za Desemba ile, zilivyokuwa na neema: Zuhura iking'aa chini kabisa magharibi, Zohali juu yake, na Mshtarii juu zaidi, zote tatu kwenye mstari mmoja. Upande wa pili Kilimia kilikuwa kimekwisha kupanda, kile kishada cha nyota ambacho wakulima na mabaharia wetu walikitazama ili kuyajua majira. Mwezi ulikuwa bado haujachomoza, na giza lilikuwa zuri.

Kwenye misa ya usiku kanisa lilijaa hadi nje. Tulipata nafasi chini ya turubai, kwenye viti vya plastiki, karibu na kipaza sauti. Padri alizungumza juu ya wachungaji waliokuwa makondeni wakilinda kundi, na katika kusikiliza nilijikuta nawaza juu ya walinzi wengine, wahandisi waliokuwa zamu usiku huo huko Kourou na Ngomeni, walioziacha familia zao wakati wa sikukuu ili wakeshe na kitu kisicho na uhai. Niliwaombea. Nadhani ilikuwa mara yangu ya kwanza kuombea antena.

Jumamosi, 25 Desemba: Siku yenyewe

Asubuhi tulikula mahamri na mbaazi za nazi, na hadi saa nane nyumba ilikuwa imejaa watu: majirani, watoto wao, binamu zangu wawili kutoka Watamu, na mzee wa duka la pembeni aliyekuja na halua ya kumshukuru Shangazi kwa pilau. Nilikuwa nimewaomba wote wabaki hadi saa tisa na nusu. Saa tisa kasoro dakika kumi umeme ulikatika, na televisheni ikazimika pamoja na feni. Palikuwa na huzuni kidogo. Tuliegemeza simu yangu kwenye jagi la maji ya ukwaju, mezani barazani, na watu kumi na wanane wakaikusanyikia skrini ya ukubwa wa kiganja.

Nilitumia dakika zilizobaki kuwaeleza ni kwa nini moyo wangu ulikuwa ukienda mbio. Darubini iliyotangulia, Hubble, iko kilomita mia tano na kitu juu yetu, na ilipoharibika wanaanga walipanda wakaitengeneza. Hii inakwenda kilomita milioni 1.5, karibu mara nne ya umbali wa mwezi, na hakuna fundi atakayeifuata huko. Huko itafungua mwavuli wa tabaka tano za utando mwembamba, wenye ukubwa kama uwanja wa tenisi, ili upande mmoja uchomwe na jua na upande wa pili ukae katika baridi ya zaidi ya nyuzi 220 chini ya sifuri, kwa maana kifaa cha kutafuta joto hafifu hakiwezi chenyewe kuwa na joto. Wahandisi walihesabu mahali 344 ambapo hitilafu moja tu ingeweza kuiangamiza kazi yote. Mzee wa duka alisema taratibu, "Mungu awafanyie wepesi."

Hesabu ya mwisho ilisomwa kwa Kifaransa. Ilipofika tatu, picha iliganda. Kiduara cha kusubiri kilizunguka na kuzunguka, na hakuna aliyethubutu kuigusa simu. Ilipofunguka tena roketi ilikuwa imekwisha kuondoka, juu ya msitu, ikiingia mawinguni na moto wake ukiyaangaza kwa ndani. Kwa hiyo sikuuona mwanzo niliousubiri miaka yote ile. Nilidhani ningesikitika, lakini sikupata nafasi, kwa sababu watoto walikuwa wanapiga kelele na Shangazi alikuwa amenishika bega kwa nguvu.

Baada ya hapo ilionyeshwa ramani, na mstari wa njia ya roketi ukivuka bahari ya Atlantiki kuelekea kwetu. Roketi inapotoka kwenye upeo wa kituo kimoja, kituo kinachofuata huipokea sauti yake, kama watu wanavyopokezana mtoto mkononi. Kituo cha kwanza baada ya Kourou ni Natal, mji wa Brazili. Nilikuwa nimeliona jina hilo kwenye orodha mara nyingi bila kulifikiria. Natal kwa Kireno ni Krismasi, na mji ule unaitwa hivyo kwa kuwa ulianzishwa tarehe 25 Desemba 1599. Kinachofuata ni kisiwa cha Ascension, kilichopewa jina hilo na mabaharia waliokiona siku ya Sikukuu ya Kupaa Bwana. Kisha Libreville ya Gaboni, mji ulioanzishwa na watumwa walioachwa huru, na jina lake ndilo linalosema hivyo. Kutoka hapo Malindi.

Niliwatafsiria majina hayo barazani, moja baada ya jingine: Krismasi, Kupaa, Mji Huru. Sikuongeza neno. Shangazi alikuwa amekwisha kusimama.

Sauti ya msimamizi ilipotaja Malindi, katikati ya Kifaransa chake, baraza zima lilipokea kwa kishindo. Mpwa wangu alitoka mbio hadi uani, akainua uso juu, na watoto wengine wakamfuata. Hapakuwa na kitu cha kuonekana ila anga jeupe la alasiri na minazi ikiinamishwa na kaskazi. Lakini antena ile ya Ngomeni wakati huo ilikuwa imegeuza uso wake, kama tulivyoiona ikifanya, na ilikuwa inasikia.

Dakika 27 baada ya kuruka, darubini ilitengana na roketi. Kamera iliyobaki nyuma ilituonyesha: mwili wa fedha ukielea kwa upole mno, ukienda zake, na nyuma yake dunia ya buluu na weusi usio na mwisho. Barazani palikuwa kimya. Halafu kitu kama ubawa kikakunjuka kutoka ubavuni mwake, kikalipokea jua, kikametameta. Ilikuwa paneli yake ya sola, iliyopaswa kufunguka ili ipate nguvu ya kuishi. Nilijua kwa nadharia kwamba ingefunguka. Nilijua hata bawaba zake zinavyofanya kazi. Kujua huko hakukunizuia kulia mbele ya binamu zangu. Naamini kulinisababisha, kwa maana nilijua ni mambo mangapi yalipaswa kwenda sawa ili ubawa ule ung'ae kwa sekunde ile.

"Ndiyo hiyo yenye dhahabu?" Shangazi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ndiyo hiyo, Shangazi. Dhahabu imekunjwa ndani."

Alipiga ishara ya msalaba. Mzee wa duka akasema, "Alhamdulillahi." Umeme ulirudi saa kumi na moja, na hakuna aliyekumbuka kuwasha televisheni.

Jumapili, 26 Desemba: Alfajiri

Saa kumi kasoro dakika kumi usiku, darubini ilipaswa kuwasha injini zake kwa mara ya kwanza ili kurekebisha njia yake, na kuziacha ziwake dakika 65. Hilo ni mojawapo ya mambo machache katika safari yake yasiyoweza kungoja. Nilikuwa nimetega kengele ya simu ili niamke peke yangu. Nilipotoka barazani nilimkuta Shangazi ameketi tayari, amejitanda kanga, rozari mkononi, kwa kuwa nilimtajia saa hiyo wakati wa chakula cha jioni naye hakuisahau.

"Dakika sitini na tano ni rozari tatu," aliniambia, "usipozikimbiza."

Nusu ya mwezi ilikuwa juu ya minazi. Upepo ulikuwa umepungua. Niliketi kwenye mkeka karibu na miguu yake na kuitikia, huku simu ikiwa imefunikwa chini pembeni yangu ili mwanga wake usitusumbue. Katika rozari ya pili mpwa wangu alitoka akijifunga shuka, akalala kati yetu bila kuuliza kitu. Shangazi aliweka mkono wake wenye pete juu ya kichwa cha mtoto na kuendelea kuhesabu punje kwa mkono mwingine.

Alikuwa katika fumbo la mwisho la rozari ya tatu mwadhini alipoanza kuadhini kutoka msikiti wa jirani. Alimngoja amalize, akamaliza naye, akabusu msalaba. Kisha akanyoosha kidole kuelekea kwenye simu.

Niliigeuza. Injini zilikuwa zimewaka muda wake wote, na zimezimwa salama.

"Niambie iko upande gani sasa," Shangazi alisema, akitazama juu, "nijue pa kuangalia nikifagia."